Sababu Kwanza, Uamuzi Baadaye: Mwongozo wa Sheria kwa Mashirika ya Usafiri wa Umma

Mara nyingi shirika la usafiri wa umma hufikishwa mahakamani kwa jambo ambalo hakuna mwanasheria aliyeulizwa kulihusu. Mpanga ratiba ameondoa kituo kimoja ili basi liwahi. Dereva ameona lifti ya kiti cha magurudumu imekwama, akaondoka na basi hivyo hivyo. Mkaguzi wa tiketi amemshika mkono abiria aliyekataa kutaja jina lake, na fundi wa kamera ameacha picha za siku ya ajali zifutike zenyewe baada ya wiki moja. Kila mmoja wao alikuwa kazini kama kawaida, na kila mmoja alikuwa akifanya uamuzi wa kisheria pasipo kujua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi na maofisa wa mashirika hayo, hasa wale wasio wanasheria, na unashikilia jambo moja: sababu ya uamuzi iandikwe kabla uamuzi haujatekelezwa, na aiandike mtu ambaye sheria imempa mamlaka ya kuufanya. Sheria za nchi hazifanani, na mifano mingi iliyomo humu inatoka Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya kwa kuwa huko mashauri na kanuni za usafiri zimeandikwa kwa kina. Msomaji aitazame mifano hiyo ili aone maswali yanayozuka, kisha amwulize mwanasheria wa shirika lake sheria ya nchi yake inajibu nini.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo cha kila mamlaka

Mtu binafsi anaweza kufanya lolote ambalo sheria haijalikataza. Shirika lililoundwa na sheria liko kinyume chake, kwa maana linaweza kufanya lile tu ambalo sheria imeliruhusu, pamoja na yale yasiyoweza kutenganishwa na ruhusa hiyo. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuisoma sheria mama ya shirika kifungu kwa kifungu na kutengeneza jedwali. Katika safu ya kwanza andika aina ya uamuzi, kwa mfano kupanga nauli, kufuta njia, kutwaa ardhi, kukopa, kutoza faini au kuajiri walinzi. Katika safu zinazofuata andika kifungu kinachotoa ruhusa, masharti yaliyomo ndani ya kifungu hicho, na cheo cha mtu au kikao chenye haki ya kuamua. Pale ambapo safu ya kifungu itabaki tupu, shughuli hiyo isimame mpaka jibu lipatikane, hata kama imekuwa ikifanyika kwa miaka ishirini.

Nauli ndiyo mahali pa hatari zaidi, na shauri linalofundisha vizuri kuliko yote ninayoyafahamu lilitokea London. Mwaka 1981 Baraza la London Kubwa, ambalo chama kilichoshinda uchaguzi wake kilikuwa kimewaahidi wapiga kura kupunguza nauli za mabasi na treni za chini ya ardhi kwa robo, lilizipunguza kweli na kuziba pengo la mapato kwa kodi ya majengo. Halmashauri ya Bromley, ambayo wakazi wake walitakiwa kulipa kodi hiyo ya ziada ilhali treni za chini ya ardhi hazikufika kwao, ilikwenda mahakamani. Desemba ya mwaka huo huo majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, walibatilisha mpango mzima. Sheria ya usafiri ya London ya 1969 iliagiza huduma ziendeshwe kwa uangalifu wa kiuchumi, na baraza lilikuwa limeichukulia ahadi ya uchaguzi kama amri isiyohitaji kupimwa, bila kulinganisha faida ya abiria na mzigo wa walipa kodi. Machi 1982 nauli zikapanda karibu maradufu.

Kilichofuata husahaulika, nacho ndicho muhimu kwetu. Baraza lilirudi mezani, likaandaa mpango mwingine wa kupunguza nauli, safari hii likaonyesha kwa maandishi hesabu zake, njia mbadala zilizofikiriwa, athari kwa idadi ya abiria na kwa walipa kodi, na kifungu cha sheria kilichotegemewa. Januari 1983 mahakama ilisema mpango huo ni halali, na Mei mwaka huo nauli zikashuka. Lengo lilikuwa lile lile na sheria ilikuwa ile ile. Ukubwa wa punguzo ulitofautiana, lakini tofauti iliyobeba uzito mbele ya majaji ilikuwa jinsi uamuzi ulivyofikiwa na kuandikwa.

Kwa hiyo, kila pendekezo la kubadilisha nauli liende kwenye bodi likiwa na waraka unaojibu maswali manne: kifungu gani kinaruhusu; nani ataumia na nani atafaidika; njia gani nyingine zilifikiriwa na kwa nini zikaachwa; na fedha za kuziba pengo zitatoka wapi. Mwenyekiti asiruhusu kura ipigwe kabla wajumbe hawajapata muda wa kuusoma waraka huo, na muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba uliosomwa ndio huo.

Hatua ya 2: Fuatilia masharti yaliyofungwa kwenye kila fedha

Ni nadra nauli peke yake kutosha kuendesha usafiri wa umma. Ruzuku huingia kutoka serikali kuu, serikali za mitaa au wafadhili, na kila ruzuku huja na masharti yake ambayo hubaki hata baada ya fedha kutumika. Nchini Marekani, kwa mfano, shirika linalonunua mabasi au mabehewa kwa ruzuku ya serikali kuu hubanwa na sheria ya kununua bidhaa za ndani: gharama ya vipuri vya ndani inatakiwa izidi asilimia 70, na kazi ya mwisho ya kuunganisha ifanyike nchini humo. Ruzuku hiyo hiyo hudai kwamba wafanyakazi wasipoteze haki zao za mikataba ya pamoja kwa sababu ya mradi unaogharimiwa, sharti lililoanzia katika sheria ya usafiri wa mijini ya 1964. Ofisa wa manunuzi asiyejua masharti haya anaweza kusaini mkataba mzuri wa bei nafuu na kulazimika baadaye kurejesha fedha zote.

Barani Ulaya swali huulizwa kwa namna nyingine: je, ruzuku anayopewa msafirishaji inavuruga ushindani? Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika shauri la kampuni ya mabasi ya Altmark Trans ya Ujerumani, iliweka masharti manne ili malipo ya huduma ya umma yasihesabiwe kuwa msaada haramu wa dola. Wajibu wa huduma uwe umeelezwa wazi. Vigezo vya kukokotoa malipo viwe vimewekwa kabla. Malipo yasizidi gharama pamoja na faida ya kadiri. Na, pale ambapo msafirishaji hakupatikana kwa zabuni, gharama zipimwe kwa kulinganisha na kampuni ya kawaida inayoendeshwa vizuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1370 ya 2007 ikaja kuweka pia ukomo wa mikataba, kwa kawaida miaka 10 kwa mabasi na miaka 15 kwa reli. Hata kwa shirika lililo mbali na Ulaya, masharti haya manne ni kipimo kizuri, kwa sababu yanamlazimisha mlipaji aseme ananunua nini kabla hajasema atalipa kiasi gani.

Fungua jalada moja kwa kila chanzo cha fedha. Ndani yake weka mkataba wa ruzuku, orodha ya masharti kwa lugha nyepesi, tarehe za kutoa taarifa, na jina la cheo kinachowajibika. Kabla ya tangazo la zabuni kutoka, ofisa wa manunuzi apitie orodha hiyo na kutia saini kwamba kila sharti limeingizwa kwenye nyaraka za zabuni. Vigezo vya kuwapima wazabuni vitangazwe pamoja na uzito wake, visibadilishwe baada ya bahasha kufunguliwa, na kila mjumbe wa kamati ya tathmini aeleze kwa maandishi uhusiano wowote alio nao na mzabuni. Mzabuni aliyeshindwa apewe sababu za kushindwa, kwani kukaa kimya ndiko humsukuma kwa wakili.

Katika mkataba wenyewe kuna vifungu viwili ambavyo mashirika mengi huvikumbuka wakati wa kuachana. Cha kwanza kinahusu umiliki wa data: nani anamiliki kumbukumbu za mauzo ya tiketi, mahali yalipo mabasi na idadi ya abiria. Cha pili kinahusu makabidhiano: karakana, magari, wafanyakazi na mfumo wa tiketi vitapitaje kwenda kwa msafirishaji mpya bila huduma kusimama hata siku moja. Viandikwe siku ya kwanza, pande zote zikiwa bado zinaelewana.

Hatua ya 3: Hakikisha kila mtu anaweza kupanda, na kwamba mabadiliko hayaangukii kundi moja

Sehemu hii inastahili muda mwingi kuliko nyingine, kwa sababu hapa ndipo kosa dogo la kiutendaji humfungia mtu nyumbani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 9, unazitaka nchi wanachama zihakikishe watu wenye ulemavu wanaufikia usafiri sawa na wengine. Nchi nyingi zimeuridhia, na sheria zao za ndani hueleza namna ya kuutimiza.

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990 na kanuni zake ni mfano wa jinsi wajibu huo unavyoweza kushushwa hadi kwenye saa na umbali. Shirika lenye njia za kudumu za mabasi linatakiwa pia kumhudumia mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kutumia mabasi hayo, kwa gari linaloagizwa, walau ndani ya robo tatu ya maili kutoka kila njia. Nauli yake haizidi mara mbili ya nauli ya kawaida ya safari hiyo. Anayeomba leo hupata safari ya kesho. Shirika haliruhusiwi kuchuja safari kwa sababu zake, kwa mfano kumtanguliza anayekwenda hospitali na kumrudisha nyuma anayekwenda harusini. Maombi ya kuandikishwa yasipojibiwa ndani ya siku 21, mwombaji huhesabiwa kuwa amekubaliwa hadi shirika litakapoamua. Basi ambalo lifti yake imeharibika njiani, kama basi jingine lenye lifti halitafika ndani ya dakika 30, humlazimu msafirishaji kumtafutia abiria huyo usafiri mwingine haraka. Vituo vikubwa na makutano makuu hutangazwa kwa sauti ili asiyeona ajue alipofika.

Ukizitazama kanuni hizo utaona kwamba wahusika wake wakuu ni dereva, fundi wa karakana na mpokea simu. Kwa hiyo fanya mambo yafuatayo. Lifti au rampu ijaribiwe kila asubuhi kabla basi halijatoka karakana, na jaribio lisainiwe. Dereva apewe maagizo mafupi ya nini cha kufanya ikikwama njiani, na namba moja ya kupiga. Malalamiko ya watu wenye ulemavu yawe na daftari lake, lenye tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kujibiwa na kilichorekebishwa. Kabla ya kununua magari mapya, waalike watu wanaotumia viti vya magurudumu, wasioona na viziwi wayapande wenyewe kwenye gari la mfano. Mchoro wa kiwandani hauonyeshi kona ambayo gurudumu hukwama.

Maneno ya maagizo kwa dereva nayo yana uzito wa kisheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la FirstGroup dhidi ya Paulley. Abiria mwenye kiti cha magurudumu alishindwa kusafiri kwa sababu nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mama mwenye kigari cha mtoto aliyekataa kuhama, na utaratibu wa kampuni ulimtaka dereva aombe tu, kisha aache. Mahakama haikusema dereva amtoe mtu kwa nguvu, ila ilisema kuomba na kuacha hakutoshi: pale ambapo dereva anaona kukataa huko hakuna sababu ya msingi, afikirie hatua zaidi, kama kulirudia ombi kwa msisitizo au kusimamisha basi kwa dakika chache. Soma maagizo ya shirika lako leo uone yanaishia wapi.

Upande wa pili wa usawa ni mabadiliko ya huduma. Marekani ina historia nzito hapa: Novemba 1956 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliidhinisha uamuzi wa shauri la Browder dhidi ya Gayle kwamba kuwatenga weusi na weupe ndani ya mabasi ya Montgomery kulivunja katiba, wakati mgomo wa abiria, ambao kwa jumla ulichukua zaidi ya mwaka, ukiendelea. Baadaye, mwongozo wa serikali wa 2012 uliotolewa kutekeleza Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 uliyataka mashirika makubwa yanayopokea fedha za serikali kuu yapime, kabla ya kubadilisha nauli au kufanya mabadiliko makubwa ya huduma, kama mzigo utawaangukia zaidi watu wa rangi fulani au wenye kipato cha chini. Nchi yako inaweza isiwe na sharti la namna hiyo, lakini kipimo chenyewe hakihitaji sheria ili kifanyike. Chora ramani ya njia inayofutwa, weka juu yake takwimu za sensa za wakazi, ulizia nani atatembea zaidi na kwa umbali gani, kisha tangaza pendekezo mapema na usikilize watu mahali wanapofikika na saa ambayo wafanyakazi wametoka kazini. Maoni yaliyokataliwa yajibiwe kwa maandishi.

Hatua ya 4: Andika mpango wa usalama na umtaje anayewajibika

Tarehe 22 Juni 2009 treni mbili ziligongana karibu na kituo cha Fort Totten jijini Washington, watu 9 wakafariki. Mfumo wa kutambua treni kwenye reli ulishindwa kuiona treni iliyokuwa imesimama. Wakati huo sheria iliizuia idara ya usafiri wa mijini ya serikali kuu kuweka viwango vya usalama vya nchi nzima. Bunge liliibadilisha hali hiyo kwa sheria ya 2012, na kanuni ya 2018 ikayataka mashirika yawe na mpango wa usalama wa maandishi wenye kiongozi mmoja anayewajibika kwa jina la cheo chake. Uingereza nayo ilijifunza kwa machungu: moto wa kituo cha King's Cross wa Novemba 1987 uliua watu 31, na kanuni za kuzuia moto katika vituo vya chini ya ardhi zilitungwa baada yake, mwaka 1989.

Usisubiri kanuni izaliwe kwa vifo vya abiria wako. Mpango wa usalama uonyeshe jinsi hatari inavyoripotiwa, nani anaipima, ndani ya muda gani, na nani ana mamlaka ya kusimamisha huduma. Mfanyakazi anayeripoti kasoro alindwe dhidi ya adhabu, isipokuwa kwa uzembe mkubwa au makusudi. Kumbuka pia kwamba ripoti ya hatari iliyopokelewa na kutojibiwa ni hatari zaidi mahakamani kuliko hatari ambayo hakuna aliyeijua. Ripoti hiyo huthibitisha kwamba shirika lilijua. Wapo wanaohitimisha kutokana na hili kwamba ni salama kutoandika, na huko ni kujidanganya kubaya. Andika, kisha ifanyie kazi ripoti yenyewe, na kama fedha hazitoshi, andika ni hatua gani za muda zilizochukuliwa na kwa nini.

Uwezo wa dereva kuendesha nao hudhibitiwa. Marekani hupima dawa za kulevya na pombe kwa wafanyakazi wa usafiri chini ya sheria ya 1991, na kiwango cha pombe cha 0.04 huhesabiwa kuwa ukiukaji. Barani Ulaya, kwa huduma zinazoingia chini ya kanuni ya saa za udereva ya 2006, dereva hupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Njia za kawaida zisizozidi kilomita 50 haziguswi na kanuni hiyo, hivyo hufuata sheria za nchi husika. Chochote kitakachosemwa na sheria yako, upimaji ufuate utaratibu ule ule kwa kila mtu, sampuli ilindwe isichanganywe, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga matokeo.

Hatua ya 5: Jitayarishe kwa ajali kabla haijatokea

Kiwango cha uangalifu ambacho msafirishaji anadaiwa na abiria hutofautiana. Katika mifumo mingi ya sheria inayofuata mapokeo ya Kiingereza, msafirishaji wa umma alidaiwa uangalifu wa juu kuliko watu wengine. Mahakama ya juu ya jimbo la New York iliuacha mtazamo huo mwaka 1998, katika shauri la Bethel dhidi ya shirika la usafiri la jiji la New York, ikataka uangalifu wa kawaida unaolingana na mazingira. Vilevile, shirika la umma linaweza kuwa na kinga ya dola dhidi ya kushtakiwa, ukomo wa fidia, au muda mfupi wa kupokea taarifa ya madai. Jua haya matatu kwa nchi yako, uyaandike kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo uwe mezani kwa ofisa wa madai.

Saa ishirini na nne za kwanza ndizo huamua mengi. Majeruhi wahudumiwe kwanza. Hilo halina mjadala, na hakuna mwanasheria anayestahili kuzuia neno la pole. Kisha picha za kamera za ndani ya gari, za kituoni na za magari yaliyopita zitolewe na kuhifadhiwa kabla mtambo haujazifuta. Kumbukumbu za kasi na breki, ratiba ya dereva ya siku saba zilizotangulia, na rekodi za matengenezo za gari hilo zikusanywe na kufungwa. Gari lisitengenezwe mpaka likaguliwe. Mashahidi waandikishwe majina na mawasiliano yao papo hapo. Mtu mmoja apewe jukumu la kusema na vyombo vya habari, na kampuni ya bima iarifiwe ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba wake, kwani kuchelewa kunaweza kuipa sababu ya kutolipa.

Hatua ya 6: Linda taarifa za abiria

Kadi ya nauli iliyosajiliwa hujua mtu anaishi wapi, anafanya kazi wapi, anasali wapi na anatibiwa wapi. Anayeishika orodha hiyo ameshika maisha ya watu. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, hutaka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisizidi zinazohitajika, zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na uvunjaji wa usalama wake uripotiwe kwa mdhibiti ndani ya saa 72, isipokuwa pale ambapo hauelekei kuhatarisha haki za watu. Nchi nyingi nje ya Ulaya zimetunga sheria zinazofanana nayo.

Weka muda wa kufuta kwa kila aina ya taarifa, na ufute kweli. Maombi ya polisi ya kupewa safari za mtu au picha za kamera yapokelewe na ofisa mmoja tu, yawe kwa maandishi, yataje kifungu cha sheria, na yaingizwe kwenye daftari. Mtumishi wa kituoni asiachwe peke yake mbele ya askari anayedai kuona skrini. Mashambulizi ya mtandaoni nayo si jambo la kufikirika: Novemba 2016 mitambo ya shirika la usafiri la San Francisco ilivamiwa kwa programu inayofunga mitambo na kudai pesa ili kuifungua, shirika likakataa kulipa, na kwa siku mbili hivi abiria wa treni zake wakasafiri bila kukata tiketi. Shirika lako lijue mapema kama linaweza kuendesha magari siku mfumo wa tiketi ukizimika, na nani anaruhusiwa kufungua mageti.

Hatua ya 7: Weka mipaka ya ukaguzi wa tiketi na ya matangazo

Mkaguzi wa tiketi ni mtumishi mwenye mamlaka yaliyotajwa, na mipaka ya mamlaka hayo aijue kwa moyo: anaweza kudai tiketi, lakini je, anaweza kudai kitambulisho, kumzuia mtu asiondoke, kumgusa? Jibu liwe kwenye kadi anayoibeba. Faini iwe na njia ya rufaa kwa mtu asiyekuwa amehusika, na watoto wawe na utaratibu wao, kwani kumshusha mtoto usiku mahali asipopajua kwa kukosa nauli kunaweza kuligharimu shirika mahakamani zaidi ya nauli yenyewe.

Kuhusu matangazo ndani ya magari, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika shauri la Lehman dhidi ya mji wa Shaker Heights, kwamba shirika linaweza kukataa matangazo ya kisiasa huku likikubali ya biashara. Kinachotakiwa ni kanuni iliyoandikwa kabla tangazo la kwanza lenye utata halijafika, na kutumiwa kwa usawa. Kanuni inayotungwa siku tangazo la kukera linapowasili huonekana, kwa haki, kuwa imetungwa dhidi ya mleta tangazo.

Hatua ya 8: Fahamu sheria ya mgomo kabla ya meza ya mazungumzo

Nchi hutofautiana sana hapa. Sheria ya jimbo la New York ya 1967 hukataza watumishi wa umma kugoma. Mabasi na treni za jiji ziliposimama kwa siku tatu Desemba 2005, chama cha wafanyakazi kilitozwa dola milioni 2.5, na wafanyakazi wakakatwa mishahara ya siku mbili kwa kila siku ya mgomo. Ufaransa, ambako kugoma ni haki ya kikatiba, ilichagua njia nyingine: sheria ya Agosti 2007 humtaka mfanyakazi muhimu kwa huduma aarifu saa 48 kabla kwamba atagoma, ili shirika lipange huduma itakayobaki na kuwatangazia abiria saa 24 kabla. Kwa maoni yangu njia ya pili humheshimu abiria zaidi, kwa kuwa humwambia ukweli mapema badala ya kumwahidi kwamba mgomo hautatokea. Mpango wa huduma ya dharura uandikwe wakati wa amani, na chama cha wafanyakazi kishirikishwe.

Hatua ya 9: Unganisha yote kwenye kalenda moja

Tarehe za kutoa taarifa kwa wafadhili, za kuhuisha leseni na bima, za ukaguzi wa magari, za kupitia upya mpango wa usalama, za kufuta picha na za kumalizika kwa mikataba ziwekwe kwenye kalenda moja inayoonekana na mkurugenzi, mwanasheria na mkuu wa uendeshaji. Mkataba mkubwa uanze kujadiliwa upya walau miaka miwili kabla ya mwisho wake, kwa kuwa zabuni ya mabasi, pamoja na rufaa zake, haimaliziki upesi.

Kila jukumu kwenye kalenda libebwe na cheo badala ya jina la mtu, na kila cheo kiwe na msaidizi anayejua majalada yalipo. Ofisa anapohama au kustaafu, asiondoke kabla hajakaa na mrithi wake wakapitia pamoja jedwali la hatua ya kwanza, mstari kwa mstari, na wote wawili wakatia saini mahali walipofika.